Je, Wajua? Mama Mvua wa Mtaa wa Wachina

Je, wajua kwamba hekalu kongwe kuliko yote ya Kihindu nchini Singapore halipo mtaa wa Wahindi? Lipo Chinatown, mtaa wa Wachina, katika barabara ya South Bridge. Linaitwa Sri Mariamman, na lilifunguliwa mwaka 1827.

Wajua mwanzilishi wake alikuwa karani? Naraina Pillai alifuatana na Mwingereza Stamford Raffles kutoka kisiwa cha Penang mwaka 1819, mwaka uleule Waingereza walipoanzisha kituo chao cha biashara Singapore. Alipoona mji unaota lakini mafundi hakuna, aliagiza waashi na maseremala kutoka Penang, akawasha tanuri la matofali. Akafungua na duka la nguo. Likateketea kwa moto, akaanza upya. Wengine tungepanda jahazi la kwanza kurudi kwetu.

Wajua kiwanja cha kwanza cha hekalu kilikataliwa kwa kukosa maji? Kilikuwa Telok Ayer, ufukweni. Kwa Kimalei jina hilo ni "ghuba ya maji", na maji yalikuwepo tele, ila ya chumvi. Ibada ya Kihindu huhitaji maji matamu kila siku: ya kuoshea sanamu, ya kunawia, ya kunyunyizia. Kiwanja cha pili kikavurugwa na ramani mpya ya mji ya mwaka 1822. Mwaka uliofuata ndipo kikapatikana hiki cha South Bridge.

Na mtaa wenyewe? Wamalei waliuita Kreta Ayer, yaani gari la maji, kwa sababu maji yalichotwa visimani na kusambazwa kwa magari ya maksai. Wachina nao wakaupa jina la ng'ombe na gari na maji, kwa lugha yao. (Hata neno letu "gari" tulilipata kwa Wahindi.) Ajabu ni kwamba ukipita leo utawaona ng'ombe bado wapo, wamelala juu ya ukuta wa hekalu. Hao lakini ni wa kuchongwa, na wamewekwa kwa heshima ya ng'ombe katika Uhindu, si kwa kumbukumbu ya wauza maji.

Hekalu la kwanza lilikuwa la mbao na makuti. La matofali lilianza kuonekana mwaka 1843.

Je, wajua maana ya Mariamman? Kwa Kitamil "mari" ni mvua na "amman" ni mama. Huko vijijini Kusini mwa India, Mama Mvua ndiye pia aliyeombwa wakati wa ndui na maradhi mengine ya mlipuko. Kwa wahamiaji waliobanana katika vyumba vya mji wa bandari, mungu wa namna hiyo hakuwa pambo. Wageni waliotoka India bila ndugu wala kazi walipata hifadhi katika hekalu hili, na palikuwa na wakati ambapo ndoa za Kihindu nchini zilifungishwa hapa tu.

Mti mtakatifu wa Mama Mvua mnaujua. Ni mwarobaini! Asili yake ni hukohuko India, na matawi yake hutumika katika ibada za Mariamman kwa imani kwamba hufukuza maradhi. Bibi zetu waliochemsha majani yake kwa homa wasingeona la kushangaza hapo.

Wajua mnara wa mlangoni umejengwa uonekane mbali ili hata asiyeweza kuingia aone miungu na kuabudu kutoka barabarani? Wa sasa ni wa mwaka 1925, una ngazi sita zilizojaa sanamu za rangi kali, kazi iliyoanzia mikononi mwa mafundi wa Kitamil. Uliotangulia, wa mwaka 1903, ulikuwa mwembamba na wa ngazi tatu. Wazungu waliliita hekalu pagoda, ndipo barabara ya pembeni ikaitwa Pagoda Street. Upande wa pili ipo Temple Street. Nenda hatua chache ufike Mosque Street, panapo Msikiti wa Jamae, ulioanzishwa mwaka 1826 na Waislamu wa Kitamil, mwaka mmoja tu kabla ya hekalu.

Ukienda, vua viatu mlangoni na unawe miguu. Nenda asubuhi: mahekalu ya Kitamil hufungwa mchana ili miungu ipumzike, na sakafu ya ua saa saba za jua haina huruma na nyayo.

Tukiwa kwenye nyayo: wajua waumini hutembea juu ya makaa humu? Ibada hiyo huitwa Theemithi, hufanyika kama wiki moja kabla ya Deepavali, sikukuu ya taa, na hapa imekuwepo tangu mwaka 1840. Ni ya kumuenzi Draupadi, mke wa ndugu watano katika utenzi wa Mahabharata, aliyepita motoni kuthibitisha usafi wake. Maandamano huanzia hekalu la Sri Srinivasa Perumal, mtaa wa Wahindi, kama kilomita nne. Kuhani mkuu hutangulia kwenye makaa akiwa amebeba chungu cha maji matakatifu kichwani, na mwisho wa moto kuna shimo la maziwa ya kupoza miguu. Wanafizikia husema makaa hupitisha joto polepole na unyayo haukai juu yake. Sawa, lakini sijamwona mwanafizikia akijipanga foleni.

Mwisho, wajua kila miaka 12 makuhani hupanda hadi kileleni mwa mnara na kuumwagia maji, hekalu lizaliwe upya? Mara ya mwisho ilikuwa Februari 2023. Hesabu mwenyewe zamu ijayo, na uende na mwavuli.