Kufuli linalolinda maisha ya fundi

Fundi amepanda juu ya paa la jengo la ofisi nchini Marekani kukagua feni ya mtambo wa kupozea hewa. Feni imesimama kimya, lakini ukimya huo si ushahidi kwamba umeme umekatwa.

Mitambo hiyo huongozwa na thamostati. Joto likipanda ndani ya jengo, feni huanza kuzunguka yenyewe bila mtu kugusa swichi, na mkono ulio kati ya mkanda na gurudumu lake hauna nafasi ya kuondoka.

Kwa sababu hiyo OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, ilitangaza mwaka 1989 kanuni ya kufunga nishati kabla ya matengenezo, ambayo ilianza kutumika mwaka uliofuata. Kwa makadirio ya idara hiyo, kuifuata huepusha vifo 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka.

Fundi huwaarifu wahusika, huzima mtambo, kisha hukata umeme kwenye swichi yake kuu na kuifunga kwa kufuli. Kufuli hilo ni lake peke yake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu. Kadi yenye jina huambatanishwa, ingawa kadi bila kufuli ni onyo tu. Haimzuii mtu mwenye haraka.

Umeme nao si hatari pekee. Kapasita huweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa, gesi na maji ya moto hubaki na shinikizo mabombani, na upepo unaweza kuzungusha feni isiyo na umeme. Vyote hivyo hutolewa nguvu au kuzuiwa.

Ndipo hufuata kipimo, hatua ambayo wengi huiruka. Fundi hujaribu kifaa chake penye umeme, hupima mtambo, kisha hurudi kukijaribu tena, maana kipimo kibovu nacho husema hakuna umeme.

Mzozo huzuka fundi anapokwenda nyumbani akiacha kufuli, na wapangaji wanalalamikia joto. Mwajiri anaruhusiwa kuliondoa, lakini kwa utaratibu uliowekwa mapema: kuthibitisha kwamba fundi hayupo kazini, kujitahidi kumpata, na kuhakikisha amejulishwa kabla hajaanza kazi tena mahali hapo.