Ua la vinka: tulipande, tusilinywe

Mwezi huu tutoke nje kidogo, tutazame uwanja wa nyumba. Mbele ya mlango, kando ya njia, au juu ya makaburi ya ndugu zetu, mara nyingi utaliona ua moja fupi lenye petali tano za rangi ya waridi au nyeupe, na katikati jicho jekundu. Majani yake yanang'aa, na huchanua masika na kiangazi. Wengi wetu twalitambua kwa sura tu. Kwenye vitalu vya maua huitwa vinka, na wataalamu wa mimea huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha Bukini.

Tunaliandika katika ukurasa wa afya kwa sababu mbili. Kwanza, hufunika vizuri ardhi iliyo tupu kuzunguka nyumba, hivyo vumbi hupungua na mvua haichukui udongo. Pili, wako watu wanaochemsha majani yake na kuyanywa kwa ajili ya kisukari. Hapo ndipo penye hatari.

Jinsi ya kulipanda

Baada ya maua kuanguka, hubaki vitumba vyembamba viwili viwili. Vikianza kuwa vya njano, vichume kabla havijapasuka. Ndani mna mbegu ndogo nyeusi. Zisie kwenye kopo au sanduku lenye udongo uliochanganywa na mchanga, uzifukie kidogo, kisha ufunike kwa gunia, kwa kuwa mbegu hizi huota vizuri gizani. Kati ya wiki moja na tatu zitachomoza. Hapo ondoa gunia. Miche ikipata majani manne hadi sita, ihamishie mahali penye jua, nafasi ya sentimita 20 hadi 30 kati ya mche na mche.

Asiye na mbegu akate ncha ya tawi, urefu wa sentimita 10 hivi, aondoe majani ya chini na kuichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, mpaka itoe mizizi.

Jinsi ya kulitunza

Vinka huvumilia jua kali na udongo hafifu, hata wa kichanga. Adui yake ni maji yanayotuama. Mwagilia miche mpaka ishike, kisha usubiri udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Majani yakigeuka njano na shina likaoza chini, mara nyingi maji yamezidi. Ng'oa mche huo, na usipande mwingine hapo hapo. Samadi iliyooza iwe kidogo tu, maana ikizidi utapata majani mengi na maua machache.

Mche ukifikia urefu wa kiganja, katua ncha yake. Utatoa matawi ya pembeni na kutanda chini badala ya kurefuka. Mwanzo wa mvua punguza matawi tena. Baada ya miaka miwili au mitatu mashina huwa magumu kama kuni na maua hupungua. Badilisha kwa miche iliyojiotea pembeni. Ukimaliza kazi, nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa utomvu wake una sumu. Matawi uliyokata usiwatupie mbuzi wala sungura.

Majani 25 kutoka Jamaika

Habari ya kunywa majani haya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alitumiwa kutoka Jamaika bahasha yenye majani 25 ya ua hili. Aliambiwa kwamba watu wa huko huyanywa kama chai kutibu kisukari. Akampelekea nduguye Robert, mtafiti wa chuo kikuu, ayachunguze. Panya walionyweshwa maji ya majani hayo, sukari yao haikushuka kwa kiasi cha maana. Waliodungwa sindano walikufa kwa maambukizo, kwani chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zilikuwa zimekwisha.

Robert Noble na mwenzake Charles Beer wakajiuliza: kama kitu hiki huangamiza chembe nyeupe, je, hakiwezi kuzuia saratani ya damu, ambayo ni chembe hizo hizo kuzaana ovyo? Mwaka 1958 walitangaza dawa waliyoitenga, vinblastini. Kisha watafiti wa Marekani wakapata nyingine, vinkristini, iliyoanza kutumika hospitalini mwaka 1963. Mpaka leo, pamoja na dawa nyingine, hutibu watoto wenye saratani ya damu. Hutibu pia ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958.

Wazazi, tuuangalie uvimbe huo. Mtoto akivimba taya au tumbo upesi, au meno yakalegea bila sababu, tusimalize wiki tukimpaka dawa za kienyeji. Uvimbe huu huongezeka kwa siku, lakini mtoto akifikishwa hospitali mapema ana matumaini mazuri ya kupona.

Basi kwa nini tusinywe?

Mtu atauliza: kama ni dawa, kwa nini tusichemshe nyumbani? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mamia ya kilo za majani makavu hutumika kupata gramu moja hivi ya vinblastini. Mgonjwa hupimwa damu, dozi hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili wake, na dawa hutiwa katika mshipa wa damu tu. Sufuria ya jikoni haipimi kitu.

Tena, sumu hii huzuia chembe za mwili kugawanyika, na haichagui mbaya na nzuri. Anayekunywa majani hayo anaweza kutapika, kuharisha, kufa ganzi mikono na miguu, au kuishiwa nguvu ya kupigana na maradhi. Mama mjamzito anahatarisha mimba yake. Mwenye kisukari anayeacha vidonge au sindano kwa kutegemea chai hiyo huacha sukari yake ipande bila kujua, mpaka macho, figo au miguu viharibike.

Mtu akiwa amekwisha kuyala au kuyanywa, usimtapishe kwa nguvu. Mpeleke kituo cha afya upesi, ukachukue na tawi la mmea ili mganga aone ni kitu gani. Na kama baba au bibi nyumbani anakunywa chai hiyo kwa siri, tusimgombeze. Tumsindikize zahanati akapimwe sukari, na amweleze mganga yote anayotumia.

Ua hili basi tulipande mlangoni na makaburini, tulipunguze matawi na kulipalilia. Watoto wafundishwe mapema kwamba ni la kutazama, si la kutafuna.