Ruwaza, Ritifaa na Msamiati wa Ukanda wa Dhahabu

Mtafiti anayekusanya msamiati wa wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hukutana na maneno yaliyokwisha kuvishwa maana mpya. Duara, ambalo kwa mwanahisabati ni umbo, kwa mchimbaji ni shimo la kufuatia mwamba wenye dhahabu. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, lakini huhifadhiwa kwa kuwa bado una dhahabu ndani yake. Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Maneno hayo yakitoka daftarini huingizwa katika faili la matini, na hapo ndipo linapozuka swali la mhadhara huu: kompyuta italisomaje faili hilo bila kuliharibu?

Wanaleksikografia wengi hutumia mpangilio sahili, ambamo kila mstari huanza kwa mshazari wa nyuma na kifupisho:

\lx duara
\ps nomino
\pl maduara
\de shimo la kuchimbia dhahabu

Mpangilio huu ni sarufi ndogo, nasi twaweza kuieleza kwa ruwaza, yaani fomula inayotaja umbo la mfuatano wa herufi badala ya kuutaja mfuatano wenyewe. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na mwanamantiki Mmarekani Stephen Kleene katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuitumia kompyuta kutafuta matini kwa ruwaza hizo. Tukilisoma faili letu mstari kwa mstari, ruwaza ^\\lx (.+)$ yasema hivi: mwanzoni mwa mstari pawe na mshazari, herufi lx na nafasi moja, kisha alama zote zinazofuata, moja au zaidi, zihifadhiwe hadi mwisho wa mstari. Mshazari umeandikwa mara mbili kwa sababu ukiwa peke yake una kazi maalumu katika lugha ya ruwaza.

Hadi hapa hakuna tatizo. Tatizo huanza tunapoiambia mashine neno ni nini. Vitabu vingi vya mafunzo hutoa ruwaza [a-z]+, yaani herufi moja au zaidi kati ya a na z. Ruwaza hiyo yamtosha anayesoma Kiingereza chepesi. Shinyanga haitoshi. Neno la Kisukuma ng'wana, lenye maana ya mtoto, lina ritifaa katikati. Mashine italikata liwe ng na wana. Kipande cha pili ni neno halali la Kiswahili, tena la wingi. Hivyo mtoto mmoja wa Kisukuma amegeuka kuwa watoto wengi wa Kiswahili, na mashine haikulalamika hata kidogo. Ng'ombe naye, ambaye ni utajiri wa Msukuma, atapotea kwa njia iyo hiyo.

Kuongeza ritifaa katika mabano, [a-z']+, ni nusu ya dawa. Programu nyingi za kuandikia hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Aidha, Kisukuma kina irabu saba. Mtafiti akiziandika mbili kati yake kwa herufi ɪ na ʊ, hizo nazo zimo nje ya a hadi z. Nayo fasili ndefu ikivuka hadi mstari wa pili usio na kifupisho, ruwaza yetu itauacha mstari huo nje.

Basi kanuni ninayoisisitiza ni hii: ruwaza isiandikwe kwa kukisia, bali baada ya kuorodhesha kila alama iliyomo katika faili. Kisha, mstari wowote usioafikiana na ruwaza yoyote usirukwe kimyakimya. Uchapwe pembeni pamoja na namba yake, asomaye awe binadamu. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa siku hiyo hiyo. Kosa lililo kimya huingia kamusini, likanukuliwa, likawa ushahidi.

Mchimbaji hatupi marudio, kwa kuwa ajua kwamba mashine ya kwanza haikuchukua yote. Mwanaleksikografia naye ayahifadhi masalia ya ruwaza zake, kwani mara nyingi humo ndimo lilimobaki neno ambalo kamusi zilizotangulia hazikuwahi kuliona.