Mpira wa Valvu: Usiangalie Maziwa, Angalia Kinachoosha Bomba

Fungua valvu ya kipepeo ya inchi 2 katika kiwanda cha maziwa na utakuta vitu vichache tu: vipande viwili vya chuma cha pua vilivyobanwa kwa bolti nne, sahani inayogeuka robo duara, na mpira mmoja unaoizunguka sahani hiyo. Chuma hicho kinaweza kudumu kuliko kiwanda chenyewe. Kinachochoka ni mpira, na ndicho kitu ambacho ofisi ya manunuzi hukifuata dukani mara kwa mara. Huko mipira yote ni myeusi, yote inalingana kwa macho, lakini bei zinapishana hadi mtu anahisi anauziwa jina. Hayauzwi majina matupu, tofauti ipo. Ila wa bei kubwa si lazima ufae zaidi. Katika kiwanda hicho hicho, mpira wa aina iitwayo Viton uliolipiwa mara kadhaa ya bei ya aina iitwayo EPDM unaweza kuharibika mapema kuliko EPDM.

Sababu ni kwamba wanunuzi wengi huanza na swali lisilo sahihi: ndani ya bomba hili kinapita nini? Maziwa ya nyuzi 4 hayaudhi mpira wowote wa maana. Kinachouumiza ni usafishaji unaofuata: kostiki soda ya asilimia 1 hadi 2 ikiwa na joto la nyuzi 75 hadi 85, kisha asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha maji ya moto, na kwa wanaoua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121 na kuendelea. Maziwa hupita kwa upole siku nzima; dawa huja kwa saa moja na ndiyo inayohesabu umri wa mpira.

Ukianzia hapo, orodha inapungua haraka. Nitrili, ambayo kwenye paketi huandikwa NBR, ndiyo rahisi na ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu magari na mashine za haidroliki zinaitaka: inavumilia mafuta na grisi hadi karibu nyuzi 100. Asidi ya nitriki ya moto inaigeuza ngumu na kuipasua. EPDM ni kinyume chake. Inapenda maji ya moto, mvuke, kostiki na asidi zilizozimuliwa, na bei yake kwa kawaida haiko mbali na ya nitrili. Inachochukia ni mafuta. Kwa maziwa ya kawaida hilo si tatizo kubwa, lakini kwenye laini ya krimu au samli EPDM hunywa mafuta, huvimba, na sahani ya valvu huanza kukwama. Hapo ndipo watu hupanda kwenda HNBR, nitrili iliyoboreshwa isipasuke kwa joto, au Viton.

Viton, jina la kibiashara lililoletwa sokoni na DuPont mwaka 1957 na ambalo sasa watu hulitumia kwa mpira wowote wa aina ya FKM, ni bingwa wa mafuta na joto hadi nyuzi 200. Kwa hiyo muuzaji atakwambia ni bora kuliko yote. Muulize kuhusu kostiki ya moto na mvuke. FKM za kawaida hazivipendi, na ziko FKM maalumu zilizotengenezwa kuvihimili ambazo bei yake ni nyingine kabisa. Silikoni nayo ni laini, safi kwa macho, haina harufu, inafaa milango ya matangi na vyombo vya kutengenezea dawa za tiba. Kwenye valvu inayofunguliwa mara kwa mara huchanika upesi, na mvuke wenye presha huidhoofisha.

Juisi inabadilisha hesabu hizi zote. Ganda la chungwa lina mafuta yenye limonini, na limonini huivimbisha EPDM vibaya. Kiwanda kinachokamua machungwa au kusindika juisi nzito kinaweza kuwa na EPDM nzuri yenye vyeti vyote na bado kikaona mipira inatoka mahali pake ndani ya wiki chache. Zaidi ya hapo, mpira ulionyonya harufu ya chungwa huirudisha kwenye embe la kesho yake, na hakuna usafishaji wa kawaida unaoiondoa yote. Kwa laini inayobadilisha ladha, nisingesita kulipia FKM ya kuhimili kostiki, au sehemu ya PTFE, yaani Teflon, kwa sababu gharama hapo si ya mpira tena bali ni ya shehena iliyorudishwa na mteja. Wanaokeneka mafuta ya karafuu Pemba wanakabiliwa na jambo hilo hilo kwa ukali zaidi: yujinoli iliyomo kwenye karafuu si rafiki wa nitrili wala EPDM. Huko PTFE ndiyo jibu la kwanza.

Mbona basi tusitumie PTFE kila mahali? Inavumilia karibu kila kemikali na joto hadi nyuzi 260. Tatizo ni kwamba si mpira. Ukiibana haisukumi kurudi. Inatambaa polepole kutoka mahali palipobanwa, na baada ya kupashwa moto na kupoa mara kadhaa bolti zinakuwa zimelegea bila mtu kuzigusa. Ndiyo maana wabunifu huivalisha juu ya mpira: uso wa PTFE unagusa dawa, EPDM ya nyuma yake inatoa msukumo. Diaframu za namna hii utazikuta kwenye valvu za Saunders, zinazobeba jina la mhandisi P. K. Saunders aliyezibuni Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1920, alipokuwa akihangaika na hewa iliyobanwa iliyokuwa ikivuja kwenye valvu za migodi ya dhahabu. Wazo lake lilikuwa kuondoa kabisa tundu la shafti: kipande kimoja cha mpira kinashuka juu ya kizingiti na kufunga njia, na mitambo yote ya juu haikutani na kinachopita chini.

Diaframu ya EPDM tupu ni rahisi kununua na rahisi kufunga. Ile yenye PTFE ni ghali zaidi, inataka nguvu zaidi kuifunga, na inataka fundi atakayezikaza bolti kwa kuvuka kutoka kona hadi kona, kisha azirudie baada ya joto la kwanza. Kama kiwanda chako hakina nidhamu hiyo, pesa ya PTFE utakuwa umeitupa, maana itavuja kabla ya ile ya bei ndogo. Jambo jingine linalomaliza diaframu ni mkono wa binadamu: opereta anaona tone, anakaza gurudumu kwa bomba la kuongeza nguvu, na kizingiti kinaacha alama ya kudumu kwenye mpira. Kwa valvu za mkono, zenye kizuizi cha mwendo zinastahili nyongeza ya bei.

Sasa tusogee karibu zaidi, kwenye mfereji wa oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia, kwa sababu hapa fedha nyingi hupotea kimyakimya. Oringi hufanya kazi kwa kubanwa. Kwa sehemu isiyotembea, wabunifu hutaka unene wake upunguzwe kwa kati ya asilimia 15 na 30; kwa shafti inayotembea, kidogo kuliko hapo ili msuguano usiile. Chukua mfereji wenye kina cha milimita 2.1. Oringi ya unene wa 2.62, kipimo cha kawaida cha Kimarekani, itabanwa kwa asilimia 20 hivi. Muuzaji asipokuwa nayo atakupa ya 2.4, na ukizishika mbili hizo vidoleni huoni tofauti. Hiyo ya 2.4 itabanwa kwa asilimia 12.5 tu. Itapita jaribio la kwanza, fundi ataondoka ameridhika, na mpira ukishachoka kidogo kwa joto itaanza kuvuja. Kalipa ya vernia ni kifaa cha bei ndogo kuliko safari ya pili ya dukani.

Kubana sana nako kuna adhabu. Mpira haupungui ujazo ukibanwa, unabadilisha umbo tu, kwa hiyo unahitaji nafasi ya kwenda. Mfereji ukijazwa zaidi ya asilimia 85 hivi, joto likija na mpira ukatanuka, hauna pa kukimbilia isipokuwa kujipenyeza kwenye upenyo na kukatwa. Presha ikizidi takriban bari 100, hata oringi iliyo sawa ya ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore A huanza kusukumwa kwenye upenyo huo, na hapo huongezwa pete ngumu ya kuizuia. Viwanda vya maziwa havifiki huko, ila kwenye homojenaiza.

Na oringi ya kukata kutoka kwenye kamba ya mpira na kuunganisha kwa gundi? Kwa mfuniko wa tangi la maji usio na presha, sawa. Kwa valvu, hapana. Pale penye gundi pamekuwa pagumu, na pagumu hapabanwi kama pengine.

Tuje kwenye shilingi. Namba zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu. Weka za kwako. Tuseme laini ina valvu 12. Mpira usiojulikana aina unauzwa 8,000 na unadumu miezi mitatu. Kwa mwaka ni 384,000. EPDM yenye cheti inauzwa 25,000 na inadumu mwaka, ni 300,000. Hata kabla hujagusa kingine chochote, wa bei ndogo umeshashindwa. Kisha ongeza kusimamisha laini mara nne badala ya moja, maziwa yanayomwagwa kila ufunguapo bomba, na dawa ya kuosha upya. Lakini geuza mfano: kama valvu iko kwenye maji baridi na mpira wa 8,000 unadumu miaka miwili, kulipa 25,000 ni anasa. Sioni haja ya kiwanda kizima kuwa na aina moja ya mpira ya daraja la juu. Sioni pia busara ya stoo yenye aina sita ambazo fundi wa zamu ya usiku hawezi kuzitofautisha. Aina mbili, kila moja kwenye droo yake yenye maandishi makubwa, ndicho kiwango ambacho viwanda vingi vidogo vinaweza kukimudu.

Kwa valvu ya mvuke inayodhibiti joto la pasteuraiza, mpira unaweza kuachwa kabisa. Kiti cha chuma kwa chuma cha daraja la IV la uvujaji kinaruhusiwa kuvujisha asilimia 0.01 ya uwezo wa valvu, wakati kiti laini cha daraja la VI kwenye valvu ya inchi 2 kinapimwa kwa viputo vitatu kwa dakika. Valvu ambayo kazi yake ni kupunguza na kuongeza mvuke siku nzima haihitaji ukali huo. Weka chuma hapo, na valvu nyingine ya kufunga kabisa nyuma yake.

Upande wa hewa ya kompresa usiusahau, kwa sababu uvujaji wake haulowanishi sakafu. Upenyo unaolingana na tundu la milimita 3 kwenye presha ya bari 7 hupoteza karibu lita 11 za hewa kila sekunde, na kompresa hutumia kama kilowati 3.5 hadi 4 kuirudisha. Kwa saa 8,000 za mwaka ni takriban uniti 30,000 za umeme. Diaframu ya nitrili yenye kitambaa ndani, ile inayosukuma shafti ya valvu ya kujiendesha, haiwezi kukaribia gharama hiyo.

Dukani, usikubali rangi iwe ushahidi. Mtengenezaji anaweza kutia rangi yoyote. Pima uzito. Ujazo ukiwa sawa, FKM ni nzito karibu mara moja na nusu ya nitrili, kwa hiyo mizani ndogo ya dhahabu inaumbua mengi. Loweka moja kwenye dizeli usiku kucha: EPDM itaonekana imevimba, nitrili haitabadilika sana. Usiichome kwa kiberiti kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, kwani FKM ikiungua hutoa gesi yenye hidrojeni floridi, ambayo ni sumu kali. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa. Kwa mwongozo wa ISO 2230, nitrili iliyohifadhiwa vizuri hupewa miaka 7 stoo, EPDM na FKM miaka 10. Boksi lililokaa juani karibu na dirisha halina haki ya kudai miaka hiyo. Na ukifunga EPDM, usiipake vaselini wala grisi ya gari. Grisi ya silikoni ya daraja la chakula ndiyo yake.

Bei za FKM na PTFE huenda zikayumba. Februari 2023 Ulaya ilichapisha pendekezo lililoandaliwa na Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway la kubana kemikali za kundi la PFAS, na vitu hivi viwili vimo ndani yake. Anayenunua mashine mpya sasa amuulize muuzaji kama kiti cha valvu kinaweza kubadilishwa kwenda mpira mwingine bila kubadilisha mwili wote.

Oda yenyewe iandikwe kamili: aina ya mpira, na kama ni EPDM ya mvuke, iwe imeivishwa kwa peroksidi wala si salfa, ugumu 70 Shore A, kipenyo cha ndani na unene kwa milimita, tarehe ya kutengenezwa, cheti cha kugusa chakula, FDA 21 CFR 177.2600 au cha Ulaya 1935/2004; matokeo ya kubonyea kwa kudumu kwa ISO 815 kwenye joto lako la kuoshea. Muuzaji akisoma karatasi hiyo na kujibu kwamba yote ni sawa tu, bosi, nenda duka la pili.