Istilahi za Fahamu na Utafiti wa Tiba

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi zimhusuzo mgonjwa aliyepotewa na fahamu, pamoja na zile zitumikazo fedha zinapotolewa ili atafutiwe tiba mpya. Huenda jambo hili likadhaniwa kuwa la waganga peke yao. Sivyo. Mgonjwa huyo hawezi kujisemea; aulizwaye ni jamaa yake, naye huulizwa kwa Kiswahili.

Tuchukue mfano. Makambako ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea. Tuseme kijana ameanguka na pikipiki, ameumia kichwa na kupelekwa hospitali. Mama yake anaambiwa: "Mama, mwanao yumo katika koma." Je, mama ataelewa nini? Kukoma ni kufikia mwisho. Koma, kwa matumizi ya kale ya pwani, ni mzimu wa mtu aliyekufa. Koma ni alama ya uandishi. Na ukoma ni maradhi mengine kabisa. Neno la Kiyunani lililozaa istilahi hiyo ya kitabibu lilikuwa na maana ya usingizi mzito. Kwetu limeingia likinuka mauti.

Aidha, hali zenyewe si moja. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo cha fahamu chenye alama 3 hadi 15, kinachoangalia kufumbua macho, kusema na kujongeza viungo. Apataye alama 8 au pungufu huhesabiwa kuwa amezimia kabisa. Hapa lugha huingia katika kipimo chenyewe: mzee wa Njombe anayejibu kwa Kibena asije akaandikiwa kwamba anasema maneno yasiyoeleweka.

Wako pia wafumbuao macho bila kuonyesha kuwa wanatambua lolote. Mwaka 1972 Jennett na Fred Plum waliipa hali hiyo jina litokanalo na uhai wa mimea. Kulitafsiri kwa neno "mboga" ni kumvua mgonjwa utu wake. Na mwaka 2010 wataalamu wa Ulaya walipendekeza jina jingine lielezalo kuwa macho bila kuitikia. Tena kuna hali ya tatu, iliyofafanuliwa mwaka 2002, ambayo ndani yake utambuzi upo ila ni hafifu.

Tofauti hizi zina uzito katika ufadhili. Dawa ya amantadini, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2012, ilijaribiwa kwa wagonjwa 184 walioumia ubongo na kuwa katika hali hizo mbili za mwisho. Waliopewa dawa walipata nafuu upesi zaidi wakati wa majuma manne ya matibabu. Basi anayeomba fedha za kutafuta "dawa ya koma" hajasema bado ni mgonjwa yupi atakayetibiwa.

Fedha zikielekezwa vizuri huleta manufaa, na ushahidi upo hapa nchini. Watoto wa Muheza na Korogwe walikuwa miongoni mwa 5,425 wa nchi 9 za Afrika walioshiriki katika utafiti wa malaria kali, ugonjwa unaoweza kumzimisha mtoto. Wellcome Trust ya Uingereza iliufadhili, na matokeo yakatolewa mwaka 2010: kati ya kila watoto 100, waliofariki walikuwa 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa atesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Njombe yenye baridi haina malaria nyingi, lakini ajali za barabarani inazo, na waumiao vichwa nao wanahitaji watafiti.

Watafiti hao watakapofika, hapana budi maneno yao yawe wazi. Mfadhili ni atoaye fedha. Mdhamini wa utafiti ni mwenye dhamana ya kuuanzisha na kuusimamia. Lakini kwa raia, mdhamini ni yule amtoaye mtu rumande. Vilevile "tiba mpya" humwahidi mama uponyaji, ilhali kinachotafutwa ni kujua kama dawa inafaa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Matatizo ya fahamu: jina la jumla.
2. Uzimio mzito, badala ya koma. Msemaji wa Kiswahili ajuaye kuzimia ajua pia kuzinduka.
3. Kuwa macho bila utambuzi.
4. Utambuzi hafifu.
5. Tiba inayochunguzwa, badala ya tiba mpya, hadi ithibitike.
6. Msimamizi mkuu wa utafiti, badala ya mdhamini.

Wasomaji wenye maoni bora wayatoe. Kipimo cha istilahi hizi ni kimoja: mama wa Makambako, akiisha kuelezwa, aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe ni jambo gani aombwalo kuliridhia, na ajue kwamba anaweza kukataa.