Muziki wa giza: mbona unanituliza?

Leo tuongelee ule muziki ambao ukiufungulia sebuleni mama anauliza nani kafariki, na jirani anauliza nani kapandwa na mashetani. Hevi metali. Na hasa ile ya huzuni, inayokwenda polepole kama mvua ya usiku. Najua darasani kwenu wapo wawili watatu wanaoisikiliza kwa kujificha. Hata mimi nilijificha.

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha tatu, nyumbani Oldonyo Sambu, upande ule mkavu wa Mlima Meru, njia ya kwenda Namanga. Koko wangu, yaani bibi aliyenilea, akafariki. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, na kila aliyeondoka aliniachia neno lile lile: "Jikaze, wewe ni mwanaume." Basi nikajikaza. Silii, sili, silali. Wiki tatu hivyo.

Mjomba wangu alikuwa mpagazi mlimani. Mgeni mmoja alipomaliza safari alimwachia kimashine cha kuchezea sidii, na ndani kulikuwa na sidii moja tu: *Damnation* ya bendi ya Opeth kutoka Uswidi, iliyotoka mwaka 2003. Nikanunua betri mbili kwa hela ya daftari (usiige), nikavaa hedifoni. Hakuna kelele humo. Gitaa linapigwa taratibu, kinanda kinalia kwa mbali, na kaka mmoja anaimba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kiingereza chenyewe nilikamata nusu. Nililia mpaka mto ukalowa, halafu nikalala hadi jogoo.

Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba wakati albamu ile inarekodiwa, kiongozi wa bendi, Mikael Åkerfeldt, alifiwa na bibi yake kwa ajali ya gari, na kazi ile ikatolewa kwa kumbukumbu yake. Nilikaa kimya kidogo siku hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na ipi, ni hiyo hiyo. Haitakutisha.

Ukishazoea, rudi kwenye shina: albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970. Inafunguka kwa mvua, radi na kengele, kisha gitaa zito linaingia. Uzito ule una historia ya mkono. Tony Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 kiwandani Birmingham, Uingereza, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili. Daktari akamwambia gitaa basi. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akawa anazilegeza ili zisimuumize. Uzi uliolegea hutoa sauti ya chini zaidi, na sauti hiyo ya chini ikawa alama ya sehemu kubwa ya hevi metali iliyofuata.

"Lakini hiyo si mambo ya Wazungu?" Subiri kwanza. Nairobi ina bendi za metali miaka mingi sasa. Kampala wapo Vale of Amonition, wa ile aina ya polepole kabisa iitwayo dumu (si dumu la maji, ingawa kwetu Oldonyo Sambu hilo nalo ni huzuni tosha). Na mwaka 2020 vijana wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu iitwayo *Duma* kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi tukisikia duma tunamwaza yule mnyama mwenye mbio, lakini wao wamelitoa neno kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Sikufichi, ni noma. Dramu za kompyuta zinakimbia, mtu anapiga mayowe mwanzo mwisho. Mimi huisikiliza nikiwa na hasira, si nikiwa na huzuni, na siisikilizi usiku.

Hapo ndipo wazazi wanapouliza: mayowe hayo hayamwongezei mtoto hasira? Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walilijaribu hilo. Walichukua wapenzi 39 wa muziki wa aina hii, wa miaka 18 hadi 34, wakawafanya waongelee mambo yanayowaudhi mpaka wakapandwa na hasira. Kisha nusu wakasikiliza muziki wao dakika kumi, nusu wakakaa kimya. Waliosikiliza hawakuzidi kuwaka. Mapigo ya moyo yalibaki juu, lakini hasira ilishuka kama kwa wale waliokaa kimya, na wengi walijisikia wamepata nguvu. Ila tazama: ni watu 39 tu, na wote waliupenda muziki huo tangu mwanzo. Usimvalishe mdogo wako hedifoni kwa nguvu ukidhani ni dawa.

Na kuna mahali muziki unafika mwisho. Mimi nililia, nikalala, lakini shule sikuwa naelewa kitu mpaka nilipomwambia yeyo ukweli. Nilidhani atachukua sidii aitupe. Alivaa hedifoni sikio moja, akasikiliza wimbo mzima, akasema, "Huyu naye kafiwa." Ndipo na yeye akaanza kulia, alikuwa amefiwa na mama yake, na hakuna aliyemuuliza.

Wewe jichunguze hivi. Ukimaliza albamu unajisikia mwepesi kidogo, endelea. Ukimaliza ukajisikia umezama zaidi, na unairudia ili uendelee kuzama, zima. Kama kwa wiki mbili hulali, chakula hakipiti, marafiki unawakwepa, au unafikiria kufa, usibaki na hedifoni peke yako. Mtafute mtu mzima unayemwamini leo leo: mama, shangazi, mwalimu wa malezi, muuguzi wa zahanati. Kama hakuna unayeweza kumtazama usoni, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto Tanzania. Ni bure. Na kama mwenye dalili hizo ni mshkaji wako, usimcheke kwa nyimbo zake. Muulize anasikiliza nini, ukae naye usikilize, halafu muongozane kwenda kwa huyo mtu mzima.

Jambo dogo la mwisho: ukivua hedifoni masikio yakawa yanavuma, umeweka sauti kubwa mno. Punguza. Hata *Duma* inasikika vizuri tu ikiwa chini.