Kati ya "Aliiba" na "Ni Mwizi"

Miaka michache iliyopita niliketi mezani kwangu jioni moja nikiwa na insha arubaini na tatu mbele yangu. Kazi yangu ni isimu, wala sijapata kujiita mhakiki wa fasihi. Lakini idara zetu, kama wasomaji wengi wajuavyo, zina kazi nyingi na watu wachache. Mwenzangu mmoja alikuwa likizoni, nami nikakabidhiwa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza jinsi mtu anavyokabidhiwa ng'ombe wa jirani awachunge. Swali alikuwa ameliacha tayari, pamoja na mwongozo wa kusahihishia: wanafunzi waifafanue tabia ya Maksuudi katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano, iliyotoka mwaka 1980.

Insha ya kwanza ilisema kwamba Maksuudi ni katili, ni mnafiki, ni mwenye tamaa, ni mzinzi, ni mwenye taasubi ya kiume. Kila sifa ilikuwa na aya yake, na kila aya ilikuwa na mfano wake mmoja. Insha ya pili ilisema kwamba Maksuudi ni mnafiki, ni katili, ni mzinzi, na kadhalika. Ya tatu ilibadilisha mpangilio tena. Kufikia ya kumi na mbili nilikuwa nimeacha kusoma. Nilikuwa nikihesabu tu. Sifa moja, alama mbili. Mfano wake, alama mbili. Nakiri kwamba mkono wangu ulikwenda kasi na kwamba nilifurahi kuona unavyokwenda kasi.

Ya ishirini na kitu ilikuwa ya binti mmoja ambaye darasani hakuwa msemaji sana. Haikuwa na orodha. Ilianza kwa kusema kwamba baba yake mzazi alikuwa akifunga lango la boma saa kumi na mbili jioni, na aliyechelewa alilala kwa shangazi. Baba huyo aliwakataza mabinti zake kwenda arusi ya binamu yao. Baba huyo huyo, usiku mmoja wa mvua, alimbeba mwandishi mgongoni akiwa na homa ya malaria hadi zahanati, mwendo wa saa mbili. Kisha binti akauliza: je, mlango anaoufunga Maksuudi ni mlango ule ule? Akajibu kwamba sivyo. Maksuudi, akasema, anawafungia ndani Bi Tamima na Maimuna kwa kuwa anajua vyema yanayowapata wanawake huko nje usiku. Na anayajua kwa sababu huko nje usiku yumo yeye mwenyewe. Anachokiogopa ni mtu wa aina yake.

Nilimpa alama nane kwa ishirini. Pembeni niliandika kwa kalamu nyekundu: "Hujajibu swali. Sifa ziko wapi?"

Juma lililofuata alikuja ofisini. Aliniamkia shikamoo, akasimama mpaka nilipomwambia aketi, akaiweka insha yake mezani. Hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nilitafuta neno la kumwita baba yangu nikalikosa. Ningeandika lipi?"

Sikuwa na jibu, na jioni hiyo nilipokuwa nikirudi nyumbani ndipo nilipong'amua kwamba alikuwa ameniuliza swali la isimu. Ameniuliza swali la taaluma yangu mwenyewe, nami nilikuwa nimemnyima alama kwalo.

Hebu tuliangalie kwa makini. Kiswahili kina namna kadhaa za kumhusisha mtu na tendo lake, nazo zimepangika kama vidato vya ngazi. Naweza kusema "aliiba": tendo moja, wakati uliopita, basi. Naweza kusema "ameiba": tendo limekwisha lakini athari yake ingalipo, pengine kitu chenyewe bado kimo mfukoni. Naweza kusema "huiba", nikiwa na maana kwamba ndiyo desturi yake. Na kwenye kidato cha juu kabisa naweza kukiacha kitenzi nikaunda nomino: "ni mwizi". Hapo hakuna tena wakati. Hakuna jana wala leo, hakuna njaa iliyomsukuma, hakuna aliyeibiwa. Tendo limegeuka kuwa mtu.

Nomino hizi za kiambishi "m-" mwanzoni na irabu "-i" mwishoni ndizo tunazoziundia pia majina ya kazi: kupika hutupa mpishi, kujenga hutupa mjenzi, kulea hutupa mlezi. Kila mzungumzaji wa lugha hii anajua, hata kama hajafundishwa, kwamba kupika mara moja hakumfanyi mtu mpishi. Mimi nimewahi kupika chapati siku moja. Waliozila hawajaniita mpishi hadi leo, na wana sababu zao. Ni jambo la ajabu basi kwamba sisi ambao ni waangalifu hivyo katika mambo ya jikoni tunapofika kwenye mambo ya moyo wa mwanadamu tunaruka kutoka kidato cha chini hadi cha juu kwa sentensi moja. Mhusika alidanganya katika sura ya tatu. Kwa hiyo ni mwongo. Alikimbia katika sura ya tano. Kwa hiyo ni mwoga. Hatuulizi kama alidanganya tena, wala alikuwa akikimbia nini.

Wahenga hawakuruka hivyo. "Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo." Methali hii imezoeleka sana hata hatuisikii tena, lakini tazama ilivyoundwa: uungwana haukupewa kivumishi. Umepewa kitendo. Na hata neno "sifa" lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, kwao ni istilahi ya sarufi pia: ndilo jina la kivumishi. "Tabia" kwao ni maumbile, kile alichozaliwa nacho mtu, ilhali sisi tumelitumia kwa mazoea yake pia, yale anayoweza kuyaacha. Neno letu asilia la jambo hili ni "mwenendo", nalo limetokana na kwenda. Mtu ni jinsi anavyokwenda. Lau maswali yetu ya mtihani yangeuliza juu ya mwenendo wa mhusika badala ya sifa zake, nadhani wanafunzi wangelazimika kumfuata wanapomsoma.

Sisemi haya ili niwatupie lawama walimu wa sekondari. Najua darasa lenye wanafunzi sitini linavyokuwa, na najua mtihani wa KCSE, tangu ulipoanza mwaka 1989, umemfunza mwalimu kuzitafuta hoja zinazohesabika. Swali la fasihi lina alama ishirini. Msahihishaji ana marundo ya karatasi na siku chache. Ni lazima wote wawili wakubaliane kuhusu kitu kinachoonekana kwa macho, na orodha huonekana. Vitabu vya mwongozo navyo vimefanya biashara halali katika pengo hilo. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi hutufikia chuoni akiwa ameizoea orodha hata haoni kama kuna namna nyingine ya kumsoma mtu, na sisi wa chuoni, wenye shahada zetu, tunaipokea na kuitia alama.

Ipo riwaya ambayo orodha inaifaa. Shaaban Robert katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, aliwapa wahusika wake majina yanayotangaza walivyo: mshitaki anaitwa Majivuno, mshitakiwa anaitwa Karama. Huo ni mtindo wa istiara, na msomaji anayesema kwamba Majivuno ni mwenye majivuno hajakosea, ingawa pia hajachoka. Shida ni kwamba tumewasoma wahusika wote waliofuata kana kwamba nao wanaishi Kusadikika. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, hana jina la namna hiyo. Anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa ajili ya barua ya mvulana, na baadaye anapokuwa mbali na nyumbani anaishi kwa namna ambayo insha nyingi huifupisha kwa neno moja, "malaya". Neno hilo likishaandikwa, kipigo kimesahaulika. Kitabu kizima kimeandikwa ili tuone njia iliyotoka kwenye kipigo ikafika huko, na sisi tumeifuta njia tukabakiza kituo cha mwisho.

Shakespeare aliijua hila ya neno linalorudiwa. Katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, Antony anasimama mbele ya umma akamsifu Brutus kwa uungwana, akarudia, akarudia tena, hadi neno lile lile la sifa likachacha masikioni mwa wasikilizaji na kugeuka shutuma. Brutus mwenyewe hakubadilika hata kidogo kati ya mara ya kwanza na ya mwisho. Mwambie mwanafunzi aandike sifa za Brutus, naye atakuandikia kwamba ni mzalendo na kwamba ni msaliti, aya moja juu ya nyingine, alama mbili kwa mbili, bila kustaajabu kwamba mikono iliyotenda yote mawili ni ile ile.

Kuna watakaoniambia kwamba ninawafundisha vijana kutohukumu, na kwamba nchi iliyojaa ufisadi haihitaji wasomi wa kusitasita. Naelewa hofu hiyo, lakini nadhani mambo yako kinyume. "Maksuudi ni katili" ni maneno matatu, na msomaji akishayaandika amemalizana naye. Eleza badala yake kwamba mtu huyu alimpa mkewe talaka mara tu baada ya kujifungua, eleza ni nani aliyeitwa kumzalisha na kwa nini jina la mkunga huyo lilimtia mume wazimu, na utaona ni hukumu ipi iliyo nzito. Isitoshe, Maksuudi huanguka kutoka kwenye cheo chake na mali yake, akawa mtu wa kuomba radhi. Mwenye orodha hana pa kuiweka sehemu hiyo. Wengi katika wale arubaini na tatu hawakuitaja kabisa. Mmoja aliiongeza mwishoni kama sifa ya sita, "ni mwenye majuto", baada ya "ni mzinzi".

Katika rundo hilo hilo, na hili nalitaja kwa kuwa lilinichekesha kabla ya kuniuma, kulikuwa na insha mbili zilizofanana neno kwa neno hadi kosa la tahajia katika mstari wa nne. Aya yao ndefu zaidi ilikuwa juu ya unafiki. Niliwaita wenyewe. Kila mmoja aliapa kwamba ni yake, na nadhani hawakuona ajabu yoyote, kwani unafiki ulikuwa sifa ya Maksuudi, nao walikuwa wamejibu swali. Leo wasingehitaji hata kunakiliana. Programu ya simu ingewaandikia orodha safi kuliko ile, bila kosa la tahajia. Orodha ni kitu rahisi kwa mashine. Lango linalofungwa saa kumi na mbili si rahisi, maana mashine haikulelewa na mtu.

Nilizirudia insha zote arubaini na tatu kwa wikendi mbili. Yule binti nilimpa kumi na saba. Nikagundua wengine wawili ambao nilikuwa nimewapunja kwa kosa lile lile, mmoja wao akiwa ameandika ukurasa mzima juu ya jinsi Bi Farashuu alivyoitunza kinyongo yake miaka yote ile. Lakini kwa kipimo kipya, watu kumi na mmoja waliokuwa wamepata alama za juu wangeshuka hadi chini ya nusu. Hawakuwa wamekosa lolote. Walifanya walivyofundishwa kwa miaka minne, na mwongozo niliokuwa nao ulisema wamefanya vyema. Niliacha alama zao kama zilivyokuwa. Mmoja wao alipozisikia habari za wale watatu alikuja kuniuliza kama hiyo ni haki, nami nilimwambia kwamba sina hakika. Aliondoka hakuridhika, na sikumlaumu.

Mwenzangu aliporudi kutoka likizoni nilimwomba tubadilishe swali, naye akakubali baada ya ubishi wa vikombe viwili vya chai. Sasa linamtaka mwanafunzi achague mlango mmoja katika Utengano, aseme nani aliufunga, nani aliufungua, na kila mmoja alikuwa akiogopa nini. Kulisahihisha huchukua muda mara tatu zaidi. Mwaka wa kwanza wa swali hilo, wanafunzi sita waliandika kwamba mlango ni katili.